Masafa ya Gusii: Kutoka Gati la Kendu Bay hadi Kiwanja cha Suneka

Mtu akitaka kuyajua masafa ya angani baina ya kiwanja cha ndege cha Suneka, kilichoko kando ya barabara kuu itokayo mji wa Kisii kuelekea Migori, na kiwanja cha Wilson kilichoko Nairobi, hahitaji kuwa mwanafalaki, kwa kuwa viwanja hivyo viwili viko karibu sana na Ikweta, mahali ambapo digrii moja ya kwenda mashariki inakaribia kulingana na digrii moja ya kwenda kusini, na kila moja ni kama kilomita 111. Kutoka Suneka hadi Wilson ni theluthi mbili za digrii upande wa kusini, na digrii mbili na ziada kidogo upande wa mashariki. Basi kwa hesabu ile ile ya pembetatu ambayo kila mtoto wa shule hufundishwa, jawabu lapatikana kuwa kilomita 245 hivi. Ndege ndogo ya injini moja iendayo kilomita 300 kwa saa, nayo ndiyo aina ya ndege inayovifaa viwanja vya namna hiyo, ingezimaliza kilomita hizo kwa dakika 49, na ukiongeza muda wa kupanda na wa kushuka, na wa kuzunguka ili kutua kwa kufuata upepo, safari nzima haizidi saa moja.

Hesabu hiyo ni sahihi, wala sina nia ya kuipinga. Lakini aliyeisoma tarikhi ya nchi ya Wagusii, ambayo leo imegawanyika katika kaunti mbili za Kisii na Nyamira, hawezi kuisoma hesabu hiyo bila ya kuona ajabu, maana nchi hii iliyo kilomita 245 tu kutoka makao makuu ya serikali ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ni nchi ya mbali, na watumishi wa serikali waliopelekwa huko walijiona wamepelekwa pembeni mwa dunia. Nami nasema kwamba Gusii haikuwa mbali kamwe. Ilifanywa kuwa mbali, na kilichoifanya hivyo si milima yake wala mito yake, bali ni mahali ambapo reli iliamriwa ikome, na mahali ambapo meli ziliamriwa zitie nanga.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mnamo Desemba 1901 ikafika ufuoni mwa ziwa, mahali palipopewa jina la Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli, hata baadaye pakarudia jina lake la Kisumu. Muradi wa reli hiyo ulikuwa ni Uganda, wala haukuwa nchi hizi za katikati; kwa hiyo ilichepuka kaskazini kupitia Nakuru na milima ya Mau, ikashuka bonde la Nyando, ikaiacha milima ya Gusii upande wa kusini bila ya kuigusa. Mtu aliyetaka kwenda Nairobi kutoka Getembe, ambapo ndipo mji wa Kisii ulipo leo, ilimpasa aipe Nairobi kisogo: ashuke magharibi na kaskazini kwa miguu hadi Kendu Bay, mwendo wa siku mbili au tatu kwa mwenye mzigo kichwani, aingoje meli ya kuvuka ghuba hadi Kisumu, kisha apande gari la moshi na kulisafiria zaidi ya maili 250 ndipo afike. Lau angaliweza kuruka kama arukavyo korongo, angalipita kidogo kusini mwa Bomet, akapita juu ya Narok, akauvuka mlima Suswa, na Nairobi ingekuwa mbele yake.

Meli hizo za ziwa zilikuwa ni kazi ya fahari kwa wakati wake. Zilitengenezwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa kwa merikebu hadi Mombasa na kutoka huko hadi ziwani, ndipo zikaunganishwa upya. Ya kwanza ilikuwa William Mackinnon, zikafuata Winifred na Sybil, na nyinginezo. Kwa watu wa nyanda za juu, ambao mababu zao walikuwa wakulima na wafugaji wala hawakuwa mabaharia, ziwa likawa mlango wao wa kutokea duniani, na dunia nayo ikaingia kwao kwa mlango huo huo. Wamisionari wa Kiadventista walifika Gendia, juu ya Kendu Bay, mwaka 1906, na miaka michache baadaye wakapanda hadi Nyanchwa. Wa Kikatoliki wakaanzisha misheni ya Nyabururu mwaka 1911. Serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuweka kituo chake Karungu, ufuoni, kabla ya kuingia bara na kujenga boma Getembe mwaka 1907, chini ya ofisa wake bwana Northcote, ambaye mwezi Januari wa mwaka uliofuata alichomwa mkuki na kijana Otenyo Nyamaterere, kwa uchochezi wa nabii Moraa. Na adhabu iliyowashukia Wagusii kwa ajili ya mkuki huo, kuchomewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe, haijasahauliwa hata leo.

Thamani ya njia ile ya ziwa ilidhihirika zaidi mwezi Septemba 1914, vita vikuu vya kwanza vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza. Askari wa Kijerumani walivuka mpaka kutoka nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika wakautwaa mji wa Kisii, ambao haukuwa na askari wa kuulinda. Waingereza waliposikia habari hiyo, msaada wao haukutoka Nairobi moja kwa moja, kwa kuwa njia hiyo haikuwapo. Askari wa King's African Rifles walipakiwa melini Kisumu, wakashushwa Kendu Bay, wakapanda milima kwa miguu, na tarehe 12 Septemba pakapiganwa hapo Kisii vita ambavyo mwisho wake Wajerumani walirudi walikotoka. Mji wa kilomita 245 kutoka makao makuu ulitwaliwa na adui kisha ukaokolewa na kikosi kilichokuja kwa maji. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi zaidi ya huo kwamba masafa ya ramani na masafa ya safari ni mambo mawili mbalimbali.

Baada ya vita yakaja mambo ya mazao, ambayo hayana tarumbeta wala mizinga lakini huamua maisha ya watu kuliko vita. Katikati ya miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wa sehemu chache walime kahawa, ruhusa ambayo walowezi wa Kizungu walikuwa wameipinga kwa muda mrefu. Kisii ikawa miongoni mwa sehemu hizo, na Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari akawa mmoja wa waliotangulia kuipanda. Udongo wa milima ile ni mwekundu, wenye rutuba, na mvua yake haikatiki kwa muda mrefu. Lakini gunia la kahawa lilipovunwa Nyaribari lilikuwa halijaanza safari ila kwa kwenda kinyume cha soko lake, yaani lishuke ziwani au lifuate njia za udongo ambazo mvua ile ile iliyoistawisha kahawa ilizigeuza matope. Na kila siku iliyopotea njiani ilikatwa katika mfuko wa mkulima, wala haikukatwa katika mfuko wa mwenye meli.

Nalo jambo ambalo huniumiza moyo kila nilitazamapo ni hili, kwamba wakati huo huo Kisumu ilikuwa imekwisha kuingia katika ramani ya anga ya dunia. Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya kampuni ya Imperial Airways iliondoka Croydon, karibu na London, kufungua njia ya posta hadi Mwanza, na kutoka Khartoum hadi Kisumu barua zilichukuliwa na ndege za majini zenye kutua ziwani kama zifanyavyo mashua. Mwaka uliofuata njia hiyo ikafika Cape Town, safari ya siku 11 hivi. Na kuanzia mwaka 1937, ndege kubwa za majini zilipoanza kwenda baina ya Southampton na Durban kwa kupitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, muda ulizidi kupungua hata safari nzima ya kutoka Uingereza hadi kusini mwa Afrika ikawa haitimizi wiki moja. Baina ya Kisumu na Suneka, kwa mstari wa angani, ni kilomita 65 tu, dakika 13 za ndege ndogo ya leo; ilhali mkulima wa sehemu za Gusii kama Kitutu au Mugirango katika miaka hiyo, akiwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Kisumu, alihitaji siku zisizopungua mbili, tena kama mito haikufurika. London ilikuwa ikiikaribia Kisumu mwaka hata mwaka, na Kisumu haikuikaribia Kisii.

Huko Nairobi nako bibi mmoja, Florence Kerr Wilson, aliasisi kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929. Kampuni hiyo ilikoma vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, lakini kiwanja chake kilidumu, na mwaka 1962 kikapewa jina la Wilson kwa kumkumbuka. Hivyo njia zote mbili ambazo Gusii imezitumia kutokea, ile ya gari la moshi na hii ya eropleni, miisho yake ilibeba kumbukumbu ya mabibi wawili walioitwa Florence, na hakuna kati yao aliyekusudia kuwahudumia Wagusii.

Wana wa nchi hii, hata hivyo, hawakungoja kiwanja kijengwe kwao ndipo wapande ndege. Walipanda kwa nguvu za miguu yao. Nyandika Maiyoro wa Kisii alikwenda Antananarivo, Madagaska, mwaka 1953, na huko, katika mashindano ya mbio, baada ya kuchelewa kuanza hata wenzake wakawa wamemtangulia kwa kiasi cha yadi 100, aliwafuata mmoja mmoja akawapita wote akashinda. Mwaka wa pili alikimbia London katika uwanja wa White City, akawa wa tatu katika mbio za maili 3, kisha akavuka Atlantiki hadi Vancouver, Kanada, akawa wa nne. Mwaka 1956, Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza kabisa, alikuwa wa saba Melbourne katika mita 5,000, na mwaka 1960 wa sita huko Roma. Mwenziwe Arere Anentia alitwaa nishani ya shaba Cardiff mwaka 1958. Hatimaye Naftali Temu, mzaliwa wa Nyamira, aliishinda dunia nzima katika mita 10,000 mjini Mexico tarehe 13 Oktoba 1968, akaipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Watu hawa walikuwa wameiona bahari ya Hindi, ya Pasifiki na ya Atlantiki kutoka madirishani mwa ndege, na walipokuwa wakirejea nyumbani sehemu ya safari iliyowachosha aghalabu ilikuwa ni ile ya mwisho, ya barabara.

Mji wa Mexico uko mita 2,240 juu ya bahari, na hewa yake nyepesi iliwaangusha wakimbiaji wengi wa nchi za chini siku ile, ilhali Temu alikuwa ameizoea hewa ya namna hiyo tangu utotoni, kwani vilima vya Nyamira hukaribia mita 2,000 na huko mashariki huzidi. Hewa hiyo hiyo iliyo neema kwa mapafu ya mkimbiaji ni mashaka kwa rubani. Penye hewa nyepesi mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinulia, injini nayo hupumua kwa shida, na kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia masafa marefu zaidi chini kabla ya kuruka. Suneka iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Wilson iko juu zaidi ya hapo, kama mita 1,690. Ndiyo sababu ndege ile ile ambayo Malindi huruka ikiwa imejaa, huku bara wakati wa joto la adhuhuri huenda ikalazimika kuacha mizigo au abiria. Njia ya kurukia ya Suneka, ambayo iko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege vya Kenya, si ndefu kama ya Kisumu, ambayo ilirefushwa ikafikia kilomita 3 na zaidi na kufunguliwa upya mwaka 2011.

Kadhalika upepo. Katika anga ya Kenya upepo wa juu kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka mashariki, na kwa hiyo ndege itokayo Suneka kwenda Nairobi huupinga, na irudiyo husukumwa nao. Tuseme upepo una nguvu ya noti 15, ambazo ni kama kilomita 28 kwa saa: ndege yetu ya kilomita 300 itakwenda kwa kilomita 272 ikielekea Nairobi, nayo itatumia dakika 54, ilhali ikirudi itakwenda kwa kilomita 328 na kutumia dakika 45. Dakika 9 za tofauti hazimsumbui abiria, lakini mwenye kununua mafuta huzihesabu. Lililo kubwa zaidi ni mawingu. Pepo za ziwani hupanda milima ya Gusii na Kericho kila mchana, zikakutana na upepo wa mashariki, na hapo huzaliwa dhoruba za radi na mvua ya mawe ambazo wakulima wa majani ya chai wanazijua sana kwa hasara zake. Basi rubani mwenye busara huipanga safari ya Suneka asubuhi, na ajapo alasiri hana budi kuwa na mafuta ya kumfikisha Kisumu iwapo milima itafungwa.

Wakati viwanja vilipokuwa vikikua, barabara nazo hazikukaa. Lami ilipofika, kwanza upande wa Kericho na Sotik na baadaye kupitia Bomet na Narok, Gusii ilipata hatimaye njia inayofuata kwa karibu ule mstari wa angani nilioutaja mwanzo, na masafa ya barabara kutoka Kisii hadi Nairobi yakawa kilomita 300 na kidogo, yaani thuluthi tu ya nyongeza juu ya masafa ya ndege ikiwa hata hiyo inatimia. Zamani masafa ya safari nzima yalizidi mara mbili ya masafa ya ndege. Gati la Kendu Bay likapoteza kazi yake kuu, na mabasi yakaichukua.

Kwa mtu wa Nyamira hesabu ni nyingine kidogo, nayo husahauliwa na wale wasemao kwamba Gusii imekwisha kupata ndege. Nyamira haina kiwanja chake cha ndege za abiria. Atokaye mjini Nyamira asafiri kilomita 30 hivi hadi Kisii, avuke mji huo wenye msongamano wa magari usiokuwa na saa maalumu, kisha aongeze kilomita 10 hadi Suneka; na kwa kuwa abiria hutakiwa kufika mapema, atakuwa ametumia saa mbili na nusu kabla ndege haijawasha injini, kwa ajili ya kuruka kwa saa moja isiyotimia. Mkulima wa chai wa Sanganyi au wa Kebirigo ajuaye kwamba jani likichumwa asubuhi ni lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo kabla halijaharibika, anayaelewa mambo haya bila ya kufundishwa: muda huhesabiwa tangu kwenye mlango wa nyumba, hauhesabiwi tangu kwenye mlango wa ndege.

Na wako wale watokao mbali zaidi. Wagusii wengi wamehamia Marekani, na jimbo la Minnesota limekuwa na jamaa zao wengi sana, hata vijiji vingi vya Kisii na vya Nyamira vina mtu huko. Wakija kuwazuru wazee, au wakimleta marehemu azikwe katika ardhi ya ukoo wake kama desturi yao inavyotaka, huruka saa 8 hivi kutoka Minneapolis hadi Amsterdam, na saa 8 nyingine hadi kiwanja cha Jomo Kenyatta. Ndege nyingi kutoka Ulaya hufika usiku, saa ambazo viwanja vidogo vya mikoani, ambavyo aghalabu havina taa, vimekwisha kufungwa. Na Wilson yenyewe iko mahali pengine jijini. Kwa hiyo msafara hushika barabara: Narok, Bomet, Kaplong, Sotik, Keroka, muda wa saa 6 au zaidi ikiwa kuna gari lenye jeneza lisilopaswa kwenda mbio. Kilomita 300 za mwisho hula muda unaokaribia ule wa kuivuka Atlantiki. Taa za kutulia usiku Suneka, njia ya kurukia ndefu kidogo zaidi, na ndege ya kuunganisha iondokayo Jomo Kenyatta yenyewe badala ya Wilson, zingewapunguzia wafiwa hao saa 4 kamili, na hayo ni mambo matatu ambayo serikali za kaunti zote mbili zaweza kuyadai kwa sauti moja, kwa kuwa kiwanja cha Suneka, ingawa kimo ndani ya Kisii, Nyamira nayo ina haki kwacho.